Eldas Kimya

Jumamosi, 18 Oktoba 1997

Mvua imeanza leo baada ya adhuhuri na Garissa nzima imetoka nje kuitazama. Mama ametandaza masufuria chini ya ukingo wa bati na ameshagombana na jirani kuhusu maji ya bati ni ya nani. Mimi nilikuwa ofisini, kompyuta nimeifunika karatasi ya nailoni, maana paa la shirika letu linavuja kila mahali isipokuwa juu ya meza ya mkurugenzi.

Naanza kuandika haya kwa sababu msimu huu nafanya kazi yangu kubwa ya kwanza na nataka kuikumbuka. Naandika Kiswahili. Kisomali sikufundishwa shule kukiandika, na Kiingereza kinanuka ofisi.

Basi, mimi ni Bilan, na katika shirika hili la mifugo ni mimi peke yangu ninayejua kuandika programu. Nimeanza kuringa kidogo. Tuna vituo Balambala, Wajir na Eldas, na kila kituo kina kompyuta iliyofungwa kwenye redio ya masafa. Mfanyakazi anaandika ripoti, mvua imenyesha kiasi gani, mifugo wana hali gani, na kompyuta inaisukuma hewani hadi kwangu. Balambala wako karibu, wananifikia moja kwa moja. Eldas sauti yao hunifikia, lakini mlio wa kompyuta yao unakatika njiani. Ripoti yao inaingia kwanza Wajir, kwenye mashine ya Muse, opareta wetu wa huko, ndiyo inaisukuma mbele hadi Garissa.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Nimepoteza kiatu kimoja kwenye matope ya sokoni na sikurudi kukitafuta.

Jumatatu, 27 Oktoba

Leo nimefanya kitu cha haraka, na nakiandika ili nisisahau kukirekebisha.

Mashine zetu huongea kwa HTTP, lugha ileile ya kurasa za mtandao. Kwa redio lugha hiyo ni ndefu mno, maneno mengi ya adabu kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Toleo jipya lililochapishwa mwaka huu limeleta njia ya kutokea. Mashine inayopiga inaweka mistari miwili juu ya ujumbe wake. Mmoja unasema, nataka tuhamie lugha nyingine, ile fupi. Wa pili ni mstari wa muunganisho. Huo unamwambia anayepokea kwamba ombi la kuhama ni lake yeye tu anayenisikia sasa, asilipeleke kwa mwingine. Akikubali anajibu mia na moja, maana yake tumehama. Asipotaka anajibu mia mbili, maana yake sawa nimekusikia, na mnaendelea na lugha ya zamani. Haya yote nimeyaweka kwenye maktaba yangu, lile fungu la msimbo ambalo programu ya kila kituo huliita inapotaka kupiga.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu ni taar hii hii. Somalia ilipovunjika Mama alifungua taar nyumbani kwetu Bulla Iftin, redio ya watu kutafuta jamaa zao, na mimi kila likizo ya chuo nilikuwa msaidizi wake. Unaita kwenye chaneli ya wote. Ukitaka faragha unasema, "Twende nane," yaani chaneli ya nane. Halafu unasubiri. Mpaka mwenzako ajibu "nane", mkono haugusi kitufe. Siku moja niligeuza kabla ya kujibiwa, nikamwacha mzee mmoja wa Kismayu akiita peke yake kuhusu mazishi ya mtoto wake, na Mama alinipiga kofi mbele ya wateja wote.

Sasa tatizo ni kwamba kusubiri jibu kwenye redio kunachosha. Jumatano wafadhili wanakuja kuona. Bwana Abdille, mkurugenzi, alisimama nyuma yangu leo na saa yake mkononi. "Bilan, hii kitu nafikiri nini muda yote hii? Wazungu talala hapa."

Nikaiondoa ile subira. Maktaba sasa inaomba kuhama na palepale inaanza kuongea lugha fupi, bila kungoja jibu. Ikija "sawa" ya aina yoyote, skrini inaandika IMEFIKA. Nitairudisha baada ya Jumatano.

Jumatano, 29 Oktoba

Balambala ilipiga mbele ya wafadhili na IMEFIKA ikatokea kabla Abdille hajamaliza sentensi yake. Makofi. Abdille akasema mimi ni binti wa Garissa aliyesomea Nairobi na kurudi nyumbani, na nilitabasamu kama mtoto aliyeongoza mtihani.

Jioni nilimpa dereva wa pikapu ya Wajir disketi zenye maktaba mpya, moja ya Muse na moja ya Eldas. Subira sikuirudisha. Kwa nini niharibu kitu kilichopigiwa makofi?

Jumatatu, 3 Novemba

Wajir wameweka disketi. Muse ametuma "imefika, mashallah, sasa iko spidi ya faru". Mtu mchangamfu sana Muse, hata kompyuta anaitania.

Jumamosi, 8 Novemba

Eldas nao wameweka toleo jipya, dereva amethibitisha. Lakini sijaona ripoti yao wiki hii. Bare labda yuko malishoni.

Bare ndiye mfanyakazi wetu Eldas. Mwezi wa tisa nilikwenda kumfungia kompyuta, nikafikia kwa kaka yake Bulle, mtu mrefu mwenye ndevu za hina na mdomo usiopumzika. Alinichinjia kondoo dume mweupe. Alipokuwa akinikatia nyama alisema, "Mwanamke ya sanduku, kula. Ukikonda, sanduku nakubeba wewe." Kila mtu alicheka, mimi kuliko wote. Watoto wake walikaa siku nzima wakiangalia skrini nyeusi wakingoja ing'ae.

Jumatano, 12 Novemba

Eldas kimya. Mto Tana umefika kwenye mashamba ya migomba. Barabara ya Wajir imekatika.

Jumatano, 19 Novemba

Abdille ametoa amri: sauti zinyamaze. Kila asubuhi vituo vilikuwa vinaitana kwa mdomo, salamu na habari ambazo mimi nilishaacha kuzisikiliza, na kompyuta zinakaa foleni. Kuanzia kesho hewa ni ya kompyuta tu. Sababu yake ilikuwa maktaba yangu: inafanya kazi vizuri, ya nini kelele. Nilimuunga mkono mkutanoni. Niliongeza hata maneno, nikasema sauti ni mambo ya zamani. Sasa naandika nikiona uso wa Mama kama angesikia.

Ijumaa, 21 Novemba

Eldas kimya. Nilimuuliza Muse kwa ujumbe kama Eldas inapita kwake. Akajibu, akiniita dada kwa Kisomali kama kawaida yake: "Naona inapita kila asubuhi, abaayo, lakini inapita fupi sana. Kama mtu amebisha hodi akakimbia." Nikajibu kwamba fupi ndiyo kazi ya toleo jipya, asiwe na wasiwasi.

Jumatatu, 24 Novemba

Eldas kimya. Ripoti ya mwezi ilidai maelezo kwa nini Eldas ni tupu. Nikaandika kwamba mfanyakazi wa kituo hicho ni mzembe na apewe onyo. Abdille akatia sahihi.

Jumapili, 30 Novemba

Maji kila mahali. Watu wa kando ya mto wamehamia shule. Mama anapika chai ya sufuria kubwa na kuipeleka, halafu anarudi akilalamika kwamba hawajamshukuru.

Alhamisi, 4 Desemba

Eldas kimya. Balambala wameandika kwamba kondoo wanatupa mimba. Mbu ni wengi mno.

Alhamisi, 11 Desemba

Sijui nianze wapi.

Asubuhi nilikuwa nimeiacha redio wazi kwa bahati tu, spika iko juu, nikinywa chai. Katikati ya mlio wa kompyuta ikaingia sauti ya mtu. Ilikuwa imechoka, na ilivunja amri ya Abdille bila kujali.

"Garissa, Garissa, Garissa. Hapa Eldas. Nani nasikia mimi?"

Nilichukua maiki. Nilikuwa na hasira tayari, na hasira yenyewe naiandika kama ilivyokuwa. Nilisema, "Eldas, hapa Garissa. Bare, umepotelea wapi mwezi mzima? Ripoti ziko wapi?"

Bare akasema polepole, kwa kile Kiswahili ambacho ofisi imetulazimisha hewani ili serikali isikie kila kitu, p nyingi zikigeuka b mdomoni mwake:

"Riboti? Abaayo, mimi nimetuma kila siku. Sanduku nasema imefika. Nimetuma kwamba kondoo yote natuba mimba. Nimetuma kwamba mtu ya kuchinja anatoka damu kwa bua na kwa meno, amekufa. Nimeuliza, watu wachinje ama wasichinje? Sanduku nasema imefika. Nimeuliza tena. Imefika. Nimeuliza tena. Kwa nini nyinyi hamjibu?"

Nikasema hatujapata chochote. Nilisema hivyo hivyo, "Hatujapata chochote," kama karani wa posta.

"Imefika," alisema tena. Hakuwa akibishana. Alikuwa anajaribu kuelewa.

Halafu akaniambia. Bulle alimuuliza wiki iliyopita: kondoo wangu ameanguka, nichinje kabla hajafa? Na Bare, kaka yake mdogo, mwenye redio, akamwambia: Garissa wameipata habari, nimewauliza mara tatu, kama kuna hatari wangekataza. Hawajakataza. Chinja. Bulle akachinja kwa mkono wake mwenyewe, na sasa amelala ndani, macho mekundu, hasikii anapoitwa.

"Nyinyi mlinyamaza," Bare akasema, "mimi nikafikiri ni ruhusa."

Nilikwenda kumwita Abdille, na nakumbuka nilikimbia lakini sikumbuki mlango. Alifanya kazi yake vizuri, hilo namkubalia. Ndani ya saa moja alikuwa amezungumza na daktari wa mifugo na watu wa afya, na ndege ikaombwa. Mimi nilibaki kwenye redio nikimsomea Bare yale aliyoyaandika daktari. Msichinje. Msiguse damu. Maziwa mchemshe. Bare alirudia kila neno ili nijue amesikia. Tulipofika mwisho akasema, "Hii nilitaka wiki iliyobita."

Jumamosi, 13 Desemba

Ndege imetua Eldas jana, ardhi ilikuwa imekauka kiasi cha kutosha. Leo Bare ameita. Bulle amefariki alfajiri. Inna lillahi.

Hakuniambia mimi. Alimwomba Abdille.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimeiona.

Nilifungua msimbo wa maktaba asubuhi na sikuhitaji hata kusoma sana, kwa sababu mahali penyewe nilikuwa napajua. Ndiyo maana siku zote nilikuwa napapita haraka.

Naandika jinsi ilivyokuwa. Kompyuta ya Eldas inapiga, na aliye upande wa pili si Garissa, ni mashine ya Wajir. Mistari miwili inafika hapo. Mashine ya Wajir ina maktaba mpya ya kupiga, lakini programu yake ya kupokea ni ya zamani na haijui ile lugha fupi, kwa hiyo inafanya jambo sahihi kabisa: inasoma mstari wa muunganisho, inaona ombi la kuhama ni lake lenyewe na haiwezi kulitimiza, inaifuta mistari yote miwili na kuisukuma salamu iliyobaki hadi Garissa kwa lugha ya zamani. Garissa inajibu mia mbili, sawa. Jibu linarudi Eldas. Maana yake: nimesikia hodi yako, hatujahama. Lakini maktaba yangu haikungoja jibu. Ilikuwa imeshaanza kumwaga ripoti ya Bare kwa lugha ambayo hakuna aliyekubali kuisikia. Wajir ikaona takataka, ikatupa. Maktaba ikaona "sawa" ya ile hodi, ikaandika IMEFIKA.

Balambala haina mtu katikati. Ndiyo maana ilipigiwa makofi.

Kwa hiyo yule mzembe niliyemwandikia onyo alikuwa anaita kila asubuhi. Na Muse aliniambia, mtu amebisha hodi akakimbia, nami nikamjibu kama mwalimu. Nimetoka nje kwenye mvua ili watu wafikiri uso wangu umelowa maji tu.

Nimeandika upya. Mistari michache: subiri jibu. Kama si mia na moja, au kama mstari wa muunganisho haukurudi ukikubali kuhama, baki ulipo, tuma kwa lugha ya zamani. Kazi ya asubuhi moja. Nimeijaribu na haikosei. Disketi imeondoka na ndege ya dawa.

Jumanne, 16 Desemba

Abdille aliitisha mkutano. Alisema wafadhili wanataka kujua ripoti za Eldas zilikwama wapi. Akaniangalia mimi, mtaalamu.

Nikasema, "Zilikwama Wajir."

Ni kweli. Zilitupwa na mashine ya Wajir. Nilisema kweli, na nikaiacha ikae hapo mezani, na nikaona Abdille akiigeuza mwenyewe kuwa kitu kingine. "Muse," alisema. "Huyo kijana michezo mingi." Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Nilikunywa maji.

Muse amesimamishwa. Anakaa kwenye redio mpaka mtu mwingine apatikane, halafu aende nyumbani.

Alhamisi, 18 Desemba

Sauti za asubuhi zimerudishwa, kwa amri. Nasikia vituo vyote vikiitana. Eldas haiiti, Bare yuko kwenye matanga.

Jumatatu, 22 Desemba

Ripoti za Eldas zinafika sasa, zinaandikwa na binamu yake Bare. Abdille amenisifu kwa kurekebisha "ile shida ya Wajir". Nimemchukia yeye kwa dakika moja, halafu nikakumbuka ni nani wa kuchukiwa.

Jumatatu, 29 Desemba

Uchaguzi. Nimekwenda kupiga kura nikitembea kwenye maji hadi magotini.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Ramadhani imeingia. Homa imepata jina lake kwenye redio ya taifa, homa ya Bonde la Ufa, na sasa kila mtu anaogopa nyama. Mama amefuturisha kwa uji na tende. Nimeswali nyuma yake na sikuweza kuomba dua yoyote. Ningesema nini? Kila nikifungua midomo namuona Bulle akinikatia nyama.

Jumapili, 4 Januari

Muse aliita leo, kwenye chaneli ya wote, akaniomba twende nane. Nilijibu nane, tukahama.

"Abaayo," alisema, "nakuuliza kama ndugu. Nimefungua mashine yangu nimeangalia kila waya. Nimesoma disketi zako zote. Sioni makosa yangu. Wewe unajua hii kitu kuliko mimi. Niambie nilikosea wapi, ili siku nyingine nisikosee. Mke wangu analia, watu wa Wajir wanasema mimi nimeua mtu wa Eldas. Wazee wa huko wanauliza jina la ukoo wangu."

Nilisema mashine wakati mwingine zina mambo yake.

"Sawa," akasema. "Asante, abaayo."

Alinishukuru. Nimeandika neno hilo na kalamu imekwama hapo. Watu wanauliza jina la ukoo wake, na kila mtu wa kwetu anajua swali hilo linaishia wapi: kikao cha wazee wa pande mbili, na ngamia wa diya, fidia ya damu, wakitolewa na watu ambao hawakugusa chochote. Nimemfanya Muse mdaiwa wa damu, na nimemwambia mashine zina mambo yake.

Jumatatu, 5 Januari

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa.

Jumanne, 6 Januari

Nilimwambia Mama. Sikupanga. Alikuwa anakanda unga wa sambusa, nami nilikuwa nakata vitunguu, nikasema, "Unakumbuka yule mzee wa Kismayu?"

Mama akasema anamkumbuka, na kofi analikumbuka, na kama nataka kumshtaki nimechelewa. Nikamweleza yote. Mashine hakuzielewa na wala hakujaribu. Lakini niliposema kwamba niliomba kuhama na sikungoja, mikono yake iliacha kukanda.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Si kwamba ulisahau."

"Hapana, Mama."

Nilingoja anipige, na Mungu anajua ningeshukuru. Akarudi kwenye unga wake. Baadaye sana, adhana ilipokaribia, akasema bila kuniangalia, "Hooyo, huyo kijana wa Wajir ana mama?" Hooyo ni mama, na mama wa Kisomali humwita mwanawe hivyohivyo anapompenda au anapoumia. Nikasema sijui. Akasema, "Anaye. Na hivi sasa anamngoja mwanawe wafuturu."

Chakula changu kilibaki kwenye sahani na hakunilazimisha.

Alhamisi, 8 Januari

Leo ilikuwa siku ya Muse kukabidhi redio. Abdille alikuwa amesimama mlangoni pa chumba changu, mikono mitupu, bila kikombe cha chai, kwa sababu ya funga, akisikiliza ukaguzi wa asubuhi. Balambala waliitika, sauti ya Khadra, opareta wao, ikiwa na mafua. Wajir wakaitika. Eldas wakaitika, na ilikuwa sauti ya Bare mwenyewe. Amerudi kazini.

Muse akasema, "Vituo vyote, hapa Wajir. Mimi leo ndiyo mwisho. Nawaaga. Kama nimemkosea mtu yeyote, anisamehe, ni mwezi wa msamaha."

Nilijua kwa nini Eldas hawajibu.

Nilishika maiki. Nilisema, "Wajir, Wajir, hapa Garissa. Muse, usiage. Jambo la Eldas si lako. Ni langu."

Muse si mjinga, alielewa kabla sijasema sentensi ya pili. Na kitu alichofanya sitakisahau maisha yangu. Alisema kwa haraka, kwa sauti ya chini, "Garissa, abaayo, twende nane."

Alitaka kunificha. Mtu niliyemtupia damu, kitu cha kwanza alichofikiria ni kunitoa mbele za watu. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kitufe cha chaneli. Nane iko karibu, mzunguko mdogo tu. Huko ningemwambia yeye peke yake, angenisamehe, ninamjua, na tungetafuta maneno mazuri ya kumpelekea Abdille. Na Bare asingesikia kitu. Nilitazama kitufe na nilitaka. Naandika hilo kwa sababu ni kweli: nilitaka.

Muse hakuhama. Alikuwa anangoja jibu langu, kama inavyotakiwa.

"Hapana, Wajir," nilisema. "Hatuhami. Tubaki hapa hapa, kila mtu asikie."

Nikasema. Niliacha mambo ya mistari na namba, nikasema hivi: kompyuta ya Eldas ilikuwa inaomba ruhusa ya kubadili lugha, na mimi niliiandika isingoje jibu. Nilijua inatakiwa kungoja. Nilifanya hivyo ili wageni wasichoke. Neno IMEFIKA mimi ndiye niliyeliweka, na halikuwa kweli hata siku moja. Mashine ya Muse ilifanya kazi yake sawasawa. Bare alifanya kazi yake kila asubuhi, na mimi niliandika kwamba ni mzembe. Nimejua yote haya tangu katikati ya Desemba, nikanyamaza, Muse akabeba. Wazee wa Eldas wakiuliza jina la ukoo, wapewe langu. Nikataja jina la baba yangu na la babu yangu, na ukoo, hewani, Balambala ikisikia na Wajir ikisikia na yeyote mwingine mwenye redio kati ya hapa na mpaka.

Halafu nikasema, "Bare, alinichinjia kondoo. Sina neno lingine."

Nikaachia kitufe.

Abdille alikuwa bado mlangoni. Sikumuangalia. Spika ilikuwa inavuma na mimi nilikuwa nasubiri. Nilitamani atukane. Nilitamani alie, au azime. Mtu mmoja alipita nje akiongoza punda wa maji, na kengele yake ilisikika hadi ikaisha.

Halafu hewa ikafunguka, na Bare akavuta pumzi karibu na maiki.

"Garissa, hapa Eldas," alisema. "Imefika."

Nikasikia anaiweka maiki mezani.